Nilijigamba nina unlimited Visiga, ndoa ya mdogo wangu ikaganda kaka akiwa Muscat

Wakuu, salaam kwenu, na nyie mnaosoma kimyakimya bila hata ku-login nawasalimu pia.

Hili ninaloandika limenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, ilikuja nayo. Majina nimeyabadilisha kwa sababu shangazi yangu ana wajukuu humu jukwaani na sitaki kuitwa kwenye kikao cha ukoo.

Mimi ni mwanamke, nina cherehani mbili pale Kwa Mathias, nashona mapazia. Kwangu ni Visiga. Mume wangu ni dereva wa lori, hivyo maamuzi mengi ya nyumbani nayafanya mimi, na haya ya leo niliyafanya mimi peke yangu. Msimlaumu.

Mtaani kwetu kuna bwana tumwite Sefu. Wengi wanamwita Sefu Waya. Ana madishi matatu juu ya paa, na kutoka hapo amevuta waya mweusi uliopita kwenye nguzo, kwenye mikorosho ya watu, na mahali pengine kwenye kona ya choo, mpaka ukafika karibu kila nyumba. Unamlipa kwa mwezi, unapata chaneli.

Zamani tuliona tumeula.

Baadaye tukaanza kuzihesabu zile chaneli. Tatu za mahubiri, mbili za mapishi ya Kihindi, moja inaonyesha saa tu. Ikikatika unampigia Sefu, anakwambia ni hali ya hewa. Jua linawaka mpaka mabati yanalia, Sefu anakwambia hali ya hewa.

Nikanunua TV ya kisasa, ile inayoingia mtandaoni. Nikapanda kiti, nikachukua mkasi wangu wa kukatia mapazia, nikaukata waya wa Sefu mchana kweupe, majirani wanaona. Na hotuba nikatoa. Nilisema mambo ya kuchaguliwa na mtu cha kuangalia yamepitwa na wakati.

Sefu mwenyewe alikuwa amesimama barabarani anakula muhogo wa kuchoma. Alitafuna tu.

Wakuu, mtu ukimkatia waya wake akaendelea kutafuna, jiulize.

Nikaanza maisha ya bando la simu. Haya mnayajua. Unanunua asubuhi, kabla ya adhuhuri unapata meseji kwamba umebakiza kidogo. Umelitumia kwa kitu gani hujui. Nilikuwa najifunza mishono mipya ya mapazia kwenye video, nikifika pale fundi anapoanza kukunja, bando kwisha. Nina mapazia matatu niliyoyaanza wakati huo, mpaka leo yapo nusu.

Wiki tatu hazijapita, Sefu akaja kwangu amevaa shati la kola.

"Mama Nasra, dunia imebadilika. Na mimi nimebadilika."

Kumbe alishanunua laini kubwa ya intaneti iliyopita kule barabara kuu, na yeye anaigawa mtaani kwa vidishi vidogo. Anakufungia kidishi chako juu ya bati, anakuwekea router ndani, unalipa kwa mwezi. Juu yake anakupa kisanduku chake kidogo cha kuchomeka kwenye TV, kina zile chaneli zake zilezile, mahubiri na mapishi na saa, kaongeza na moja ya mpira, ila sasa zinapita kwenye intaneti.

Nikamuuliza, "Unlimited maana yake haiishi?"

"Haiishi kabisa."

Kwenye karatasi ya mkataba, chini kabisa, kulikuwa na maandishi madogo: kwa kuzingatia matumizi ya busara. Nikayasoma. Nikaona ni nasaha tu. Mimi ni mtu mwenye busara, nikasaini.

Na kweli wakuu, mwezi wa kwanza nilifaidi. Video zinafunguka kabla hujamaliza kubonyeza. Nikawa mtu wa kusema "pitia kwangu utumie Wi-Fi" kama vile nawakaribisha chai. Password nikaiandika kwa kalamu kubwa, nikaibandika ukutani sebuleni juu ya kochi.

Sasa ndiyo ikaja habari ya Zuhura.

Zuhura ni mdogo wangu wa mwisho, anaishi na mama huko Kisarawe, upande wa Maneromango. Alipata mchumba, mwalimu, kijana mtulivu. Mahari yakaisha, siku ikapangwa. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa Zuhura, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni kaka yetu mkubwa, Hamisi, mtoto wa kiume pekee kwa baba.

Hamisi yuko Muscat. Anaendesha lori la maji. Ana miaka sita hajatia mguu Kisarawe.

Ikabidi afanye kwa video. Yaani sheikh amwone, amsikie kwa masikio yake akisema "nimekupa uwakala wa kumwozesha mdogo wangu", halafu sheikh aendelee. Sheikh wetu ni mkali hapo. Aliwahi kupigiwa simu ya kawaida na mtu aliyejiita baba wa binti, kumbe ni rafiki wa bwana harusi ameigiza sauti ya kizee. Tangu siku hiyo anasema simu bila uso haozeshi.

Mama alitaka ndoa ifungwe kwake, kwenye nyumba ya marehemu baba. Tatizo la kule kwa mama, mtandao unapatikana sehemu moja tu, nyuma ya banda la kuku, na ukigeuka unapotea.

Nikasema, "Mama, njooni Visiga. Kwangu kuna unlimited."

Mama akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu kama mtu anayemiliki hiyo kampuni.

Akakubali, roho inamuuma. Najua ilimuuma kwa sababu alikaa kimya, na mama yangu si mtu wa kukaa kimya.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi. Wakaja na Coaster ya kukodi, asubuhi kabisa, ukoo mzima. Shangazi Tatu, ambaye ni dada wa marehemu baba na hana breki mdomoni, akashuka wa kwanza. Wanaume wakatandikiwa mikeka barazani, wanawake wakajaa sebuleni na jikoni, ubwabwa ukabandikwa.

Na kila aliyeingia sebuleni akasoma ukuta.

Hapo ndipo nilipokosea wakuu. Watu wametoka sehemu ambayo mtandao uko nyuma ya banda la kuku. Unawawekea password ukutani. Kila simu ikatoka mfukoni. Wengine wanapakua video, wengine wana-update simu ambazo hazijawahi kupata update tangu zitoke dukani. Mimi napita na sinia najiona mfadhili.

Baada ya swala ya adhuhuri tukampigia Hamisi. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la maziwa mbele ya sheikh. Hamisi akatokea, amevaa kanzu nyeupe na kofia, amekaa kitandani kwenye chumba chake. Alikuwa ameomba kazini ruhusa ya saa mbili tu. Watu wakapiga vigelegele.

Sheikh akasema, "Assalaam alaykum, bwana Hamisi."

Hamisi akafungua mdomo kujibu, akabaki hivyohivyo.

Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Tukasubiri. Tukasema "halo halo". Sheikh akaisogeza simu, akaifuta kwa kanzu. Hamisi kaganda kama mtu aliyepigwa picha akipiga chafya.

Simu yangu nyingine ikalia meseji. Ilitoka kwenye mfumo wa Sefu: "Mteja wetu mpendwa, umefikia kiwango cha matumizi ya busara. Spidi yako imepunguzwa. Endelea kufurahia kisanduku chetu bila kikomo."

Mteja mpendwa.

Najua kuna mtu hapo chini ameshaanza kuandika "si ungewasha data ya simu". Niliwasha. Kwa papara nikanunua bando, likaja la mitandao ya kijamii. Kuchat unachat, picha inaenda, ila ukipiga video linakwambia hiyo haimo. Bando la kuongea na watu ambalo haliruhusu kuongea. Mjomba wa bwana harusi akajaribu la kwake, Hamisi akaja vipandevipande kama kachumbari, halafu akapotea. Tukarudi kwenye Wi-Fi, picha ikatokea moja, ikaganda tena.

Sheikh akatazama saa. Alikuwa na ndoa nyingine Mlandizi baada ya alasiri.

Nikaichukua simu, nikaiingiza sebuleni, nikaiweka mezani karibu na router, nikidhani ukaribu utasaidia. Hamisi yuleyule, mdomo wazi, anawatazama wanawake wote.

Sasa wakuu, watu wakikaa mbele ya picha iliyoganda, wanasahau.

Shangazi Tatu akaanza. "Mtu miaka sita. Eti nauli. Huyo ana mwanamke huko, tena wa Kizungu au wa Kiarabu, mimi nawaambia. Hata hii ndoa ya mdogo wake kaiona mzigo."

Mwingine akadakia kwamba alisikia Hamisi ana watoto kule. Mwingine akasema hata msiba wa baba hakuja, alituma tu hela ya sanda. Wakaenda hivyo, kila mtu anaongeza kijiti.

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, khanga mpya, mikono mapajani.

Akasema polepole, wala hakuwa anamwambia mtu. "Mimi nimeshazoea. Nikifa mtanizika nyie. Yeye ataangalia kwenye simu, na simu itaganda hivihivi."



Porojo zilipokatika ndipo tukasikia mpira. TV ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, kupitia kisanduku cha Sefu. Mechi inatembea, majani unayaona moja moja, jasho la mchezaji unaliona. Haikwami hata kidogo.

Mama akaitazama TV. Akaitazama simu. Akaniuliza, "Hii ya mpira na hii ya kaka yako, zinakuja kwa waya tofauti?"

"Hapana mama. Ni moja."

"Kwa nini mpira upite, kaka yako asipite?"

Nikaanza kueleza. Nikasema kuna kiwango, kuna spidi, kuna busara. Nilivyokuwa najisikiliza nikieleza, nikaona namtetea mtu ambaye hata simwelewi.

Mama akasimama. "Nipeleke kwa mwenye waya."

Kwa Sefu ni nyumba ya nne kutoka kwangu. Tukamkuta kwenye kile chumba chake cha mitambo, feni mbili zinapuliza mashine, yeye amekaa mbele ya kompyuta. Akasimama haraka alipomwona mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mimi nikaanza kwa ukali. Nikamwambia uliniambia haiishi.

Sefu hata hakutetereka. "Haijaisha, Mama Nasra. Ipo. Inatembea taratibu."

Naomba mlisome tena hilo jibu. Huyu mtu anafaa kupelekwa mbali.

Wakati anaongea, macho yangu yakaenda kwenye kompyuta. Kulikuwa na orodha ya nyumba za mtaa mzima, kila nyumba na jina aliloiwekea. Mwalimu. Mama Chapati. Kota ya Nesi. Pembeni ya kila jina kuna namba ya spidi na ya kiwango cha busara. Karibu kabisa na chini, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na MKATA WAYA.

Nikamuuliza, "Mkata Waya ni nani?"

Akakohoa.

Kiwango changu cha busara kilikuwa nusu ya cha Mama Chapati, na bei tunalipa sawa. Mama Chapati hakuwahi kutoa hotuba juu ya kiti.

Mama alikuwa hana habari na hiyo orodha. Alisubiri tumalize, akauliza swali lake lilelile. Kwa nini mpira upite.

Sefu akaeleza, na kwa haki yake wacha niandike alichosema. Alisema zile chaneli za kisanduku ziko hapo kwenye mashine yake, hazimgharimu, kwa hiyo anaziachia zipite. Vitu vingine vyote, video za watu, simu za watu, vinapita kwenye laini kubwa anayoinunua, na akiviachia vyote mtaa mzima hatakuwa na biashara. "Hiyo ni sera ya kampuni, mama."

"Kampuni ni nani?"

Sefu akatazama feni. "Ni mimi."

Mama akasema, "Basi mwanangu, wewe ndiye uliyekaa mlangoni. Cha kwako unakipitisha mbio, cha wenzako unakikalisha nje. Sikugombezi. Nakuomba tu umpitishe na wangu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Sefu angepata cha kujibu.

Sefu akakaa. Akabonyeza jina langu, akafuta namba, akaandika nyingine, akabonyeza tena. Sekunde tano, wakuu. Karibu saa nzima sheikh na bwana harusi na koo mbili tulikaa tunasubiri sekunde tano za kidole cha mtu.

Tukarudi mbio. Simu nikairudisha kwenye kopo barazani. Picha ikatikisika, Hamisi akafunga mdomo.

Alikuwa amevua kofia. Uso umelowa.

Sheikh akadhani ni furaha ya ndoa. Akamuuliza kama yuko tayari. Hamisi akajifuta kwa mkono wa kanzu, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sheikh, nimekupa uwakala wa kumwozesha mdogo wangu Zuhura." Sheikh akamtaka arudie kwa uhakika. Akarudia. Bwana harusi akakubali, Zuhura akaolewa, ubwabwa ukaliwa ukiwa umeshakauka juu.

Jioni, watu wameshaondoka, nikapata voice note ya Hamisi. Naikumbuka neno kwa neno.

"Dada, kule kuganda kulikuwa kwenu tu. Mimi nilikuwa nawaona na kuwasikia mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nasema halo, hamnisikii. Nimemsikia Shangazi. Nimemsikia na mama."

Baadaye nilimuuliza Sefu ikawaje. Akanieleza bila aibu kwamba anachobana ni kinachoingia nyumbani. Kinachotoka hakigusi, kwa sababu hakuna anayelalamika kuhusu kinachotoka.

Hamisi hakukata simu. Alikaa na kanzu yake kitandani, saa nzima, akisikiliza anavyozikwa na shangazi yake.

Sikumjibu siku ile. Mama nilimficha kwa siku mbili, siku ya tatu nikamwambia. Akasema, "Bora alisikia. Mimi uso kwa uso nisingemwambia."

Tuache hapo kidogo niwaambie habari za Sefu, maana hamtaamini.

Wiki iliyofuata kwenye nguzo ya kona yetu kukabandikwa karatasi ya rangi. KIFURUSHI CHA NDOA. Saa tatu bila kukwama, kwa nikahi, hitma na vikao vya familia vyenye ndugu walio nje. Lipia mapema. Chini yake kwa maandishi madogo, mnayajua yaliyoandikwa.

Yaani amechukua msiba wangu akauwekea bei. Na watu wananunua. Mama Chapati amenunua kwa ajili ya kumuaga mtoto anayekwenda chuo Dodoma, shughuli ambayo hata video haihitaji, basi linapita hapahapa barabarani.

Mtaniuliza kama nimeachana naye. Sijaachana naye. Nimuendee nani? Kampuni kubwa ziliniambia eneo langu "bado halijafikiwa", na bando za simu mnazijua. Nilichofanya ni kumpelekea karatasi yangu mwenyewe, nimeandika: kiwango ni ngapi, kikifika spidi inashuka mpaka ngapi, na nyumba zote ziwe sawa. Alisaini, anacheka. Jina langu kwenye kompyuta akalibadilisha. Sasa naitwa Mama wa Karatasi.

Kwa kisanduku chake sasa najua. Kinaitwa cha bure, lakini ndicho kinachoamua wengine wapite au wasubiri. Nilikata waya wa mtu ili nisichaguliwe cha kuangalia, halafu nikasaini karatasi ya kuchaguliwa wa kuongea naye. Hilo ndilo funzo langu, lichukueni bure.

Na la pili: picha ikiganda, funga mdomo. Hujui upande wa pili uko vipi.

Hamisi alikuja. Ilikuwa miezi minne baada ya ndoa, bila kumwambia mtu zaidi yangu. Nilimpokea nikampeleka mwenyewe Maneromango. Mama alikuwa anaanua muhogo uwanjani. Alimtazama muda, akaweka ungo chini, akamwambia, "Sogea hapa nikuone vizuri, picha yako haikuwa nzuri." Hamisi akapiga magoti kwenye mchanga, mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Hana mwanamke wa Kiarabu. Alikuwa na deni la wakala aliyempeleka, na aibu ya kulisema. Shangazi Tatu alileta jogoo, akamwacha jikoni, akaondoka kupitia mlango wa nyuma.

Haya wakuu, uwanja wenu. Huko kwenu kwenye huo waya, kinachopitishwa kwanza ni nini, na nani amekaa mlangoni? Na kama kuna mtu anajua kampuni iliyofika Visiga kwa ndani, aandike hapa hadharani, asije PM, maana wapo wengi tunaosubiri.